Lama abaki Andes, mizani yake ije Lindi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini barua ya msomaji mwenzangu wa Masasi, uliyoichapisha katika ukurasa huu majuma mawili yaliyopita, akipendekeza kwamba mikoa yetu ya Lindi na Mtwara iagize lama kutoka Amerika, ili watalii waongozwe kwa miguu katika uwanda wa Rondo na ule wa Makonde huku mahema na vyakula vyao vikibebwa na wanyama hao, kama inavyofanyika katika milima ya Marekani. Barua ile iliandikwa kwa mapenzi ya kweli na kusini yetu, na sehemu moja ya hoja yake naikubali bila kusita, yaani kwamba mgeni anayetembea polepole, akalala vijijini na kula vya hapa, ana faida kubwa kwetu kuliko yule anayepita barabarani ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa. Lakini nimekuwa afisa mifugo wa wilaya kwa miaka 34, muda mwingi nikiwa Nachingwea, Liwale na vijiji vya Lindi, na kwa upande wa mnyama mwenyewe siwezi kunyamaza.

Naomba kwanza nimtendee haki lama, kwa sababu mwenzangu amemsifu kwa sura yake na kuacha sifa zake zenyewe. Lama ni wa jamii moja na ngamia, ila hana nundu. Wenyeji wa milima ya Andes, kule Peru na Bolivia, walimfuga maelfu ya miaka kabla Mzungu hajakanyaga pwani yao, na ndiye aliyebeba mizigo katika barabara za dola ya Inka, ambazo mwaka 2014 ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia zikiwa zinapita katika nchi sita za leo. Mguu wake hauna kwato ngumu kama za farasi. Una vidole viwili na nyayo laini kama mto mdogo wa kulalia, hivyo hachimbi njia hata pale udongo ulipo tepetepe. Hula kidogo kidogo, akidonoa jani hapa na jani pale. Huenda haja mahali pamoja na wenzake, tabia ambayo wasafishaji wa kambi yoyote wangeishukuru.

Safari zenyewe za huko hazifanani na upandaji wa farasi. Mgeni hapandi, anatembea kwa miguu yake, mara nyingi akiwa ameshika kamba ya lama mmoja aliyekabidhiwa asubuhi, na mgongoni kwake ana begi dogo tu la maji na koti. Mahema, sufuria, mifuko ya kulalia na chakula cha siku nne au tano huwekwa ndani ya shogi mbili zilizoning'inizwa kulia na kushoto mwa mnyama. Kiongozi wa msafara ndiye mpishi, ndiye mwalimu wa miti na ndege, na ndiye anayeamua leo tunaishia wapi. Yapo hata matumizi yasiyo ya kitalii kabisa: katika mlima LeConte, jimbo la Tennessee, kuna nyumba ya wageni isiyofikiwa na gari, na tangu mwaka 1986 msafara wa lama ndio unaopandisha mashuka safi na vyakula na kuteremsha yaliyochafuka.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Lama ni mnyama wa baridi. Manyoya yake ni mazito, na wafugaji wa Marekani wana hesabu yao rahisi ya kumlinda: huchukua joto la siku kwa kipimo cha Farenhaiti, wakajumlisha na asilimia ya unyevu wa hewa. Jumla ikivuka 120 wanaanza kuwa waangalifu, na ikivuka 180 hawamfanyishi kazi kabisa kwa sababu anaweza kufa kwa joto. Tuchukue siku ya kawaida ya Januari hapa Lindi mjini, nyuzi 31 za Selsiasi, ambazo ni kama 88 za Farenhaiti, na unyevu wa asilimia 75. Jumla ni 163, na hapo mnyama bado amesimama kivulini hajabebeshwa hata kijiko. Mwenzangu atanijibu kwamba Rondo na Newala kuna ubaridi, na ni kweli, usiku wa Julai hata sisi tunatafuta sweta. Lakini nyanda zetu hizi hazifiki hata mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, wakati lama huko kwao huchungwa hadi mita 4,000 na zaidi. Tena kufika Rondo lazima ashushwe kwanza bandarini au apitishwe barabara ya pwani. Na kwa Newala kuna jambo la maji, ambalo wazee wa uwanda wa Makonde wanalikumbuka vizuri, maana wao wenyewe walikuwa wakiteremka bondeni na ndoo kichwani kabla ya mabomba kufika.

La joto ni dogo. Kubwa ni mbung'o, yule inzi mnyonya damu. Watu waliozaliwa mijini miaka ya karibuni wanadhani mbung'o ni habari ya vitabu, kumbe yupo Liwale, yupo kandokando ya hifadhi, na ugonjwa wa nagana anaoueneza umewahi kuniliza mimi mtu mzima. Miaka yangu ya mwanzo kazini ulikuja mradi mmoja wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ukatuletea mitamba ya maziwa kutoka nyanda za juu za baridi, wanyama wazuri kwa macho. Niliandika kuomba kwamba kwanza mitego ya mbung'o iwekwe na dawa ya kukinga iwe mkononi kabla lori halijaondoka huko linakotoka. Lori likaondoka. Kufikia mvua za pili, akina mama niliokuwa nimewafundisha kujenga mabanda walikuwa wanaita jirani kusaidia kuchimba shimo la kuzikia ng'ombe, na mimi ndiye niliyekuwa nikipita na baiskeli kuandika vifo. Ngamia, ambaye ni ndugu wa damu wa lama, anajulikana kuwa hawezi kuishi penye mbung'o. Sioni ni kwa ujasiri gani tumlete nduguye tukitumaini bahati.

Isitoshe, jaribio hili lilishafanyika, na lilianzia hapa hapa kwetu. Mwezi Machi mwaka 1866 Daktari Livingstone alishuka Mikindani kuanza safari yake ya mwisho ya bara. Alikuwa ameshindwa kuingia kwa mlango wa mto Ruvuma kwa sababu ya mikoko na kingo mbaya za kuteremshia wanyama, kwani alikuja na msafara wa ajabu: ngamia 6, nyati wa kufugwa kutoka India watatu na ndama wao, nyumbu wawili wale chotara wa farasi na punda, na punda 4. Lengo lake mojawapo lilikuwa kuona kama wanyama hao wangeweza kustahimili mbung'o, ili siku za mbele mizigo ya bara isibebwe tena na vichwa vya watu. Alikuwa na nia njema kama ya mwenzangu wa Masasi. Vichaka vya Umakonde vilikuwa vimefungamana kiasi kwamba ilibidi Wamakonde waajiriwe kwa mashoka watangulie kukata njia ya kupitisha ngamia, maana mtu anapita mahali ambapo ngamia na shehena yake hapiti. Mbung'o wakawauma. Askari wa Kihindi waliokabidhiwa wanyama wakawabebesha kupita kiasi na kuwapiga, hata migongo ikawa vidonda. Kabla msafara haujafika Ziwa Nyasa mwezi Agosti, wanyama walikuwa wamekufa mmoja baada ya mwingine, karibu wote, na Livingstone mwenyewe alibaki akijiuliza ni wangapi waliouawa na mbung'o na wangapi waliouawa na fimbo.

Swali hilo la fimbo ndilo ninalotaka tulizungumze, Mhariri, kwa sababu ndilo linalotugusa hata bila lama.

Lama ana desturi moja ambayo waongozaji wote wa huko wanaiheshimu. Dume aliyekomaa ana kilo 130 hadi 200 hivi, na hawambebeshi zaidi ya robo ya uzito wake au kupita hapo kidogo. Kwa kawaida mzigo wake ni kati ya kilo 25 na 35, na hapewi mzigo kamili mpaka mifupa ikomae, akiwa na umri wa miaka kama minne. Ukimzidishia, halalamiki sana. Analala chini. Unaweza kuvuta kamba, unaweza kumbembeleza, hainuki mpaka upunguze, na ukimkera zaidi anakutemea mate. Kwa sababu hiyo kila asubuhi kambini hutolewa mizani ya kuning'iniza, kila shogi ikapimwa, ya kulia ilingane na ya kushoto, na mgeni aliyekuja na viatu jozi tano huambiwa aache tatu. Msafara mzima umejengwa juu ya mizani hiyo, kwa sababu mbebaji ana uwezo wa kukataa.

Mwaka juzi, nikiwa tayari nimestaafu, niliombwa kufuatana na kikundi cha wageni waliopanda Rondo kuangalia msitu. Aliyewaleta alikuwa mtu wa kampuni kutoka mbali, nami sitaki kumtaja. Kijijini wakachukuliwa vijana sita wa kubeba mizigo kwa shilingi 10,000 kwa siku. Mmoja wao, ambaye kwa macho yangu hakuwa amefika miaka 20, alipewa jenereta ndogo, sanduku la vyombo na dumu la maji, vyote vikafungwa kwa kamba ya katani kwenye mti mmoja begani. Tulipopita dukani penye mizani ya mahindi niliomba tupime, kwa mzaha tu wa kiofisa mifugo. Mizani ikasoma kilo 41. Yule kijana alicheka pamoja nasi, akainama, akajitwika tena, akaendelea na mlima. Lama angelala chini.

Kusini ndiyo mahali ambapo jambo hili lingepaswa kueleweka kuliko kwingine kokote nchini, kwa sababu mgongo wa mtu wa kusini una historia yake. Pembe za ndovu zilishuka Kilwa, Lindi na Mikindani mabegani mwa watu. Halafu ikaja Tendaguru, kilima kilichopo huku huku Lindi. Wajerumani walipoanza kufukua mifupa ya mijusi ile mikubwa ya kale mwaka 1909, hawakuweza kutumia punda wala mikokoteni ya ng'ombe, kwa sababu ile ile ya mbung'o. Basi mpaka walipomaliza mwaka 1913, zaidi ya tani 200 za mifupa, iliyofungwa kwa mianzi na udongo, zilibebwa na watu kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku tatu au nne kwa mtu mwenye mzigo, msimu baada ya msimu. Wachimbaji na vibarua walifikia karibu 500 katika misimu ya kilele, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo mtoto wa shule wa Lindi angepaswa kulijua kabla hajajua la Janensch, kiongozi wa msafara. Mjusi mkubwa kuliko wote aliyetoka pale amesimama Berlin tangu mwaka 1937, kimo chake kikiwa mita 13 na kitu, na kila baada ya muda hoja ya kumrudisha huzuka bungeni. Mimi katika mijadala hiyo husikiliza kama yupo atakayetaja waliombeba.

Marehemu mjomba wangu, Mmwera wa upande wa mto Mbwemkuru, alikuwa akitusimulia yale aliyosikia kwa wazee wake, kwamba mbebaji wa Tendaguru hakuambiwa uzito, aliambiwa tu, "Inua." Mifupa mikubwa ilining'inizwa kwenye mti, watu wakapokezana mabega.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kwamba lama abaki kwao, lakini mizani yake tuichukue. Njia ya Tendaguru hadi Lindi ipo. Vijiji vipo kandokando yake, na mgeni aliyeuona mjusi kule Berlin atakuwa na sababu nzuri ya kutaka kuitembea njia aliyopita kabla hajapandishwa meli. Rondo nako kuna msitu wa hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kuna mivule, na kuna yule komba mdogo anayeitwa kwa jina la Rondo yenyewe, ambaye uzito wake haufiki gramu 100, mkia wake umesimama manyoya kama brashi ya kuoshea chupa, na yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Haonekani mchana. Anasikika usiku, na kijana wa kijijini anayeweza kusema "huyo ndiye" katikati ya sauti nyingine za msituni anastahili kulipwa kama mwalimu, si kama punda.

Mlima Kilimanjaro tayari una kanuni: mpagazi, au mgumu kama wanavyojiita wenyewe, habebi zaidi ya kilo 20 za mzigo wa msafara, na mizigo hupimwa getini. Sisi hatuna geti kama lile, lakini tuna serikali za vijiji, na vijiji vyetu vya korosho vina mizani ya chama cha msingi cha ushirika, ambayo nje ya msimu wa korosho kazi yake hupungua. Msafara wowote wa kutembea ungeweza kuanzia hapo ghalani, mbele ya mtendaji wa kijiji, mzigo wa kila mbebaji ukapimwa na kuandikwa pamoja na malipo yake, nakala moja ikabaki kwake. Sisi tulioumia miaka mingi kwa kangomba, yaani korosho kununuliwa kwa vipimo vya kienyeji bila mizani, tunajua vizuri anayefaidika pale kitu kinapochukuliwa bila kupimwa. Mzigo ukizidi, aajiriwe mtu wa pili. Gharama itaongezeka, na mgeni anayeweza kulipa nauli ya ndege ataimudu. Akilalamika, apunguze viatu.

Kuhusu majira, ningewashauri wanaopenda kuanzisha safari hizi wasikurupuke na kalenda za Arusha. Mvua zetu zinatoka Desemba hadi Aprili na udongo wa Rondo ukilowa hautembeleki. Miezi mikavu ya kuanzia Juni ndiyo mizuri, ila Juni hadi Agosti vijana wengi wako mashambani wakipuliza salfa kwenye mikorosho, na kuanzia Oktoba mavuno yanawachukua moja kwa moja. Kijana atakayeacha mkorosho wake ukaliwa na ubwiriunga, ule ukungu unaozuiwa kwa salfa, kwa ajili ya siku tatu za shilingi 10,000 kila moja atakuwa amepata hasara, na lawama atapewa yeye kwamba ni mvivu. Malipo lazima yajue hilo, au zamu zipangwe na kijiji chenyewe.

Najua wapo watakaosema tutumie punda badala ya watu, na sikatai moja kwa moja. Wafugaji waliohamia mikoa yetu wamekuja na punda wachache, na punda ni mvumilivu kuliko farasi. Lakini penye mbung'o naye atahitaji kukingwa kwa dawa na kukaguliwa mara kwa mara, na ndani ya msitu wa hifadhi sitamshauri mtu yeyote aingize mifugo, kwa kuwa magonjwa huvuka kati ya mifugo na wanyamapori kwa njia zote mbili. Hata huko Marekani na Kanada wapo wasimamizi wa wanyamapori wanaowatilia shaka lama, wakihofia kondoo mwitu wa milimani. Na yeyote bado mwenye nia ya kuagiza mnyama wa kigeni akumbuke kwamba Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka apate kibali kwanza na apitie karantini. Asije akaanza kwa kununua.

Mizani yangu ya kazini, ya kuning'iniza, inayopima hadi kilo 50, bado iko ukutani nyumbani kwangu na nimeihakiki mwezi uliopita kwa mfuko wa sukari. Kijiji cha kwanza cha Rondo au cha njia ya Tendaguru kitakachoamua kuanza, kije kuichukua.

Wako,
Afisa Mifugo Mstaafu,
Lindi